Taya la Mtoto, Pafu la Kijusi

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji aje kumtazama mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya za mtoto yule zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umepoteza umbo. Aliyeitwa alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland mwenye jicho moja, kwani jingine alilipoteza angali mvulana wa miaka 11. Burkitt alikuwa ameshakaa Uganda zaidi ya miaka kumi, lakini ugonjwa wa namna ile ulimshinda kuutaja. Usaha wa jino haushiki pembe nne za mdomo kwa pamoja, na saratani, kama alivyofundishwa, huanzia mahali pamoja. Akapiga picha, akaandika alichokiona, na hakuwa na la kumsaidia mtoto.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akizunguka wodini na madaktari wa huko. Alipotupa macho nje ya dirisha, akamwona mtoto wa kike amekaa na mama yake, na uso wake ulikuwa uleule wa Mulago. Burkitt akatoka wodini akaenda kumpima palepale. Taya zilikuwa zimevimba, na tumboni mlikuwa na uvimbe mwingine.

Aliporudi Kampala alifungua majalada. Humo akawakuta watoto wengi, wengine wa taya, wengine wa tumbo, wengine wa macho, kila mmoja ameandikiwa jina la ugonjwa kwa kufuata kiungo alichokuja nacho. Hakuna aliyekuwa amewaweka pamoja. Jack Davies, mtaalamu wa patholojia wa Makerere aliyekuwa akitunza daftari la saratani la Kampala, alimsaidia kuziunganisha kumbukumbu hizo. Baadaye uchunguzi wa majalada ya Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, ulionyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwepo Buganda tangu mwanzo wa karne. Mwaka 1958 Burkitt akachapisha habari za watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Makala hayo hayakuwashtua wengi. Ni Gregory O'Conor, mtaalamu wa patholojia kutoka Marekani aliyekuwa Kampala, aliyetazama vipande vya uvimbe kwa hadubini na kuthibitisha kwamba taya, tumbo na macho vyote vilibeba saratani moja, ya seli za limfu, zile zinazolinda mwili dhidi ya maradhi.

Kwa haki ya historia, upande wetu wa Kongo nao haukuwa na giza tupu. Mwaka 1956 daktari De Smet alikuwa ameandika juu ya saratani za seli hizo katika Kongo ya Wabelgiji, na mwaka 1957 mtafiti Thijs akachapisha hesabu ya saratani 2,536 za wenyeji wa Kongo na Ruanda-Urundi. Karatasi hizo zilibaki kwa wasomaji wa Kifaransa na hazikupata mtu wa kuzikimbiza barabarani. Burkitt alikuwa mtu wa barabarani.

Serikali ilimpa pauni 25. Kwa fedha hizo alichapa vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika akiuliza swali moja: mmewaona watoto kama hawa? Majibu yalipokuja, alichomeka pini kwenye ramani, na pini zikajipanga mkanda mpana katikati ya bara. Lakini ndani ya mkanda ule kulikuwa na mapengo. Ili kujua mpaka wake, mnamo Oktoba 1961 alipanda gari kuukuu aina ya Ford alilolinunua kwa pauni 250. Alifuatana na Ted Williams, daktari wa Hospitali ya Kuluva huko West Nile aliyejua kufungua injini, na mwenzao Cliff Nelson. Wiki kumi, maili 10,000, hospitali zaidi ya 50, kushuka hadi Afrika Kusini na kurudi. Kila walipofika waliuliza lilelile na kuonyesha picha zilezile.

Walichokileta ni kanuni ya ardhi. Karibu na ikweta ugonjwa haukupanda milima kupita futi 5,000 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka, hadi ukafika nyanda za chini za Msumbiji. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, alipoiona ramani alitambua kwamba kimo cha ardhi kilikuwa kivuli tu cha jambo jingine, yaani joto na mvua. Ugonjwa ulikaa pale penye joto la mwaka mzima na mvua ya kutosha. Kwa maneno mengine, ulikaa pale mbu anapokaa.

Sasa chukua ramani hiyo uitafute Katanika. Iko nje kidogo ya Kalemie, mji ulioitwa Albertville wakati wa Wabelgiji, kwenye nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Uso wa Ziwa Tanganyika, ambalo mji uko ufukweni mwake, uko mita 773 juu ya bahari, yaani nusu tu ya kimo ambacho Burkitt aliona ugonjwa unakoma. Joto lipo, mvua ipo, malaria haijawahi kuondoka. Mwaka Burkitt alipokuwa akiendesha Ford yake, Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na mji wetu ulikuwa katika vurugu zile. Zaidi ya nusu karne baadaye, vita vya Waluba na Watwa vilipowafukuza watu vijijini kuanzia mwaka 2016, maelfu yao walipiga kambi Katanika chini ya nyasi na maturubai, na watoto wakalala palepale penye mbu. Ramani ya Burkitt inatuhusu kama inavyowahusu watu wa Jinja na West Nile.

Wazo la mbu liliwapeleka watu kwenye wazo la virusi. Machi 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London, na kati ya wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani ya kuku. Epstein alikubaliana naye kutumiwa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Entebbe. Kwa muda wa miaka miwili hivi hakuona kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ukungu uliifunika London, ndege ikageuzwa Manchester, na kipande kikamfikia kimechelewa, maji yake yamekuwa machafu kana kwamba kimeoza. Kabla ya kukitupa, Epstein aliweka tone moja chini ya hadubini. Uchafu ule ulikuwa seli hai za saratani, zimejichomoa kwenye kipande na kuelea peke yao. Hivyo ndivyo walivyojua namna ya kuziotesha maabarani. Mapema 1964, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona virusi ndani ya seli hizo, na Machi mwaka huo wakatangaza katika jarida la Lancet. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, na kilitoka kwa mtoto wa Afrika Mashariki ambaye kipande cha mwili wake kilisafiri mbali kuliko yeye.

Hapo wengi walidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Werner na Gertrude Henle, mume na mke watafiti wa Philadelphia, walipima damu za watu wengi wakakuta kirusi hicho karibu kila mahali duniani, hata kwa watu wasiojua habari za uvimbe wa taya. Kinaambukizwa kwa mate, na wengi tunakipata utotoni bila kujua. Kwa nini basi saratani iwapate watoto wa mkanda ule tu? Mtafiti Gilbert Dalldorf alikuwa ameitaja malaria tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na Burkitt mwenyewe baadaye alionyesha kwamba Unguja na Pemba, visiwa vilivyo katikati ya joto na mvua lakini vilivyokuwa vimeibana malaria, vilikuwa na ugonjwa kidogo mno. Huko West Nile, kuanzia 1972, watafiti walichukua damu za watoto wapatao 42,000 wenye afya, kisha wakasubiri. Waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi kupita kawaida dhidi ya kirusi cha Epstein kabla uvimbe haujaonekana. Mara kaskazini, Tanzania, watoto walipewa klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982 ili kuona kama kuishusha malaria kutaishusha saratani. Ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa, na vimelea vikaizoea klorokwini. Hukumu safi haikupatikana.

Jibu lililobaki lilikuwa ndani ya seli yenyewe, na kulifikia kulitaka watu wa kazi nyingine kabisa. Mwaka 1972, huko Lund, Sweden, wanandoa wa Kibulgaria, George Manolov na Yanka Manolova, walizichunguza kromosomu za seli za ugonjwa huu wakaona kromosomu ya 14 imerefuka. Kuna kitu kimebandikwa mwishoni mwake. Mwaka 1976 mtafiti Lore Zech akakitambua: kipande cha kromosomu ya 8. Seli ilikuwa imekatika mahali pawili na kujiunga vibaya. Mwaka 1982 makundi mawili ya Marekani, la Carlo Croce na la Philip Leder, yakafungua pale palipoungwa. Upande mmoja palikuwa na jeni inayotengeneza kingamwili. Upande wa pili palikuwa na jeni iitwayo MYC.

MYC ilikuwa imeshajulikana kwa kuku. Kirusi kimoja kilichopatikana Bulgaria kilikuwa kinawapa kuku saratani, na ndani yake walikuta jeni ambayo kirusi kilikuwa kimeiiba kutoka kwa kuku mwenyewe. Hapa ndipo fikra za saratani zilipogeuka. Kwa vizazi watu waliitafuta kama mgeni anayevamia. J. Michael Bishop na Harold Varmus, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1989, walionyesha kwamba jeni za saratani ni zetu, tunazaliwa nazo, na tusingezaliwa bila nyingi kati yake. Kazi ya MYC ni kuiambia seli: gawanyika, usikomae bado. Seli ya kinga inayotaka kuwa kiwanda cha kingamwili lazima kwanza iizime MYC. Mwaka 1997 kundi la Kathryn Calame huko New York lilionyesha kwamba jeni nyingine, BLIMP1, ndiyo inayofanya kazi hiyo ya kuzima, na ikishazima, seli inakomaa na kuacha kugawanyika.

Katika mtoto wa taya, kuzima huko hakuwezekani. Jeni ya kingamwili ndani ya seli za limfu huwaka wakati wote, na MYC imehamishiwa kando yake. Ni kama mashine ya kusaga ya mtaani iliyounganishwa na jenereta isiyo na swichi: itasaga hata mahindi yakiisha. Na malaria ina mkono wake hapo. Ili kuboresha kingamwili, seli za kinga hukata na kuunga DNA yao zenyewe kwa kimeng'enya maalumu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walionyesha kwa panya kwamba malaria ya muda mrefu huzifanya seli hizo zikae kazini kupita kiasi, na kimeng'enya kile hukata pasipotakiwa. Kirusi cha Epstein kwa upande wake huisaidia seli iliyoharibika isife. Malaria inakata, kirusi kinalinda kilichokatwa. Ramani yote ya pini za Burkitt imeingia katika seli moja.

Baada ya MYC kupatikana, watafiti walianza kuwatafuta ndugu zake. Mwaka 1983 alipatikana wa kwanza katika saratani ya neva za watoto, akaitwa MYCN. Mwaka 1985 kundi lililokuwa na John Minna, Marekani, likampata wa pili katika saratani ya mapafu ya seli ndogo, ile kali inayowakamata zaidi wavuta sigara. Huyo akaitwa MYCL, na herufi L ni ya pafu. Katika saratani hiyo, nakala za jeni hizi huongezeka mara nyingi, na seli hubaki changa, zikifanana na seli za neva zilizotawanyika katika njia za hewa.

Kwa nini pafu? Jibu lilikuja kutoka tumboni mwa panya. Pafu la kijusi huanza, kwa binadamu, katika wiki ya 4 ya mimba, kama kichipukizi kidogo kwenye utumbo wa mbele. Kabla hata hakijachomoza, jeni NKX2-1 huwaka mahali pale na kuzitenga seli hizo: ninyi ni pafu, si utumbo, si koo. Kisha kichipukizi hugawanyika mara mbili, na kila tawi tena mara mbili, hadi kufika mirija myembamba kabisa, na mwisho wa maisha hayo ya ujenzi ni vifuko vya hewa mamia ya milioni. Siri ya ujenzi iko kwenye ncha. Seli za ncha hukaa changa, zinagawanyika na kusonga mbele. Zilizobaki nyuma hukomaa, nyingine zikawa za kusukuma makohozi, nyingine za kupitisha hewa, nyingine za kutengeneza utelezi unaokizuia kifuko kisifunge. Ncha ikikomaa mapema, matawi yanakoma.

Na ni nani anayeishikilia ncha katika uchanga? Mwaka 1992, huko Toronto, Cecilia Moens na wenzake waliidhoofisha MYCN katika panya. Mimba ilifika mwisho, watoto wakazaliwa, wakashindwa kupumua, wakafa. Mapafu yao yalikuwa na matawi machache mno. Mwaka 2005 Tadashi Okubo, akiwa na Brigid Hogan na wenzao, alionyesha kwamba kiasi cha MYCN ndicho kinachopima idadi ya seli za ncha na wakati wa kukomaa kwake. Kikipungua, seli huacha kugawanyika. Kikizidi, seli za ncha huongezeka na kukomaa kunakwama.

Nilipofika hapa katika kusoma historia hii, niliiweka karatasi chini. Ukoo wa jeni ulioharibu taya za watoto wa Jinja ndio uliojenga pumzi ya kila mtoto anayelia kwa mara ya kwanza katika wodi ya uzazi ya Kalemie. Si jeni mbaya na jeni nzuri. Ni ukoo uleule, na tofauti yote ni lini jeni inawaka, wapi, na nani anaizima. NKX2-1 nayo ina historia hiyohiyo: mwaka 2007 makundi kadhaa ya watafiti yaligundua kwamba katika baadhi ya saratani za mapafu, nakala zake zimeongezeka, na mwaka 2011 Monte Winslow na wenzake wakaonyesha kwa panya kwamba uvimbe unaoipoteza husahau kuwa ni pafu na kuenea. Seli inarudi njia panda iliyopita tumboni mwa mama.

Lakini watoto wa wakati wa Burkitt hawakuishi kwa maarifa hayo, maana yalikuwa bado kuja. Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi Kampala, na kisu hakikufaa kitu. Akajaribu dawa chache alizoletewa na wageni kutoka Marekani, hasa saiklofosfamidi. Uvimbe wa ukubwa wa ngumi ulinywea kwa siku chache, na watoto wengine waliopata dozi chache tu walikuwa wazima miaka mingi baadaye. Mwaka 1967, kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, kituo cha kuitibu limfoma, yaani saratani hii ya seli za limfu, kilifunguliwa Mulago chini ya John Ziegler, na kikaja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, wakati wa Idi Amin, Charles Olweny na wauguzi wa Uganda walibaki. Dawa zilikosekana, watu walikimbia nchi, na wao waliendelea kupokea wagonjwa. Sehemu hii husimuliwa kidogo kuliko habari za London, nami naiona ndiyo kubwa zaidi. 

Leo nchi tajiri huwaponya watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu. Malawi na Kameruni, madaktari walionyesha kwamba hata kwa dawa za bei ndogo, bila mashine kubwa, karibu nusu ya watoto wanaweza kubaki hai. Nusu hiyo hutegemea jambo moja kuliko dawa yenyewe, nalo ni siku ambayo mtoto alifikishwa.

Kwa hiyo, mzazi wa Katanika, wa Kalemie na wa vijiji vyote vya ziwa: mtoto wa kati ya miaka 4 na 10 akilegea meno bila sababu, taya au jicho likivimba bila homa ya jino, au tumbo likijaa haraka, usimpeleke kung'olewa jino wala kuchanjwa chale. Mpeleke hospitali, useme wazi kwamba uvimbe umekua kwa siku chache, na uombe apimwe saratani. Mlaze chini ya chandarua, yeye na wadogo zake. Seli za ugonjwa huu huongezeka maradufu kwa siku 1 hadi 3, na hazingojei soko la Jumamosi wala nauli ya mwisho wa mwezi.